Besi ya Mgosi Zakayo

Kabla hujamshika mtoto njiti, weka kwanza mikono yako kwapani, uvumilie mpaka ipate joto. Hilo ndilo la kwanza nililofundishwa kazini, na ndilo la mwisho nililomwachia muuguzi aliyeshika nafasi yangu. Huku kwetu Usambara, ukungu unapogoma kutoka bondeni, mkono wa mtu mzima hupoa kama jiwe la mtoni. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake hana joto la kukugawia. Ukimshika hivyo hivyo kwa haraka zako, unamwibia hata kile kidogo alichonacho.

Nimeanza na mikono kwa sababu nikianza na habari za imani mtasema bibi ameanza kuhubiri, na mimi si mchungaji. Mimi ni muuguzi mstaafu. Miaka yangu ya kazi, karibu yote, niliimalizia katika chumba kimoja cha watoto njiti kwenye hospitali ya misheni huku milimani, ambayo jina lake nitaliacha likae salama. Nje ya chumba kile sina ujuzi wowote wa kujivunia. Hata maharage yangu shambani yananyauka majirani wakiona.

Ninaandika kwa sababu ya mjukuu wangu Neema, aliyeanza uuguzi juzi juzi tu. Alikuja kwangu kabla ya Pasaka, akaketi jikoni, akaanza kumenya viazi. Alipomaliza ndoo nzima nikajua kuna jambo, maana mtoto huyo tangu kuzaliwa hajawahi kukipenda kisu cha viazi. Tena nyumbani kwangu hakuna walaji wa kumaliza ndoo nzima. Tangu babu yake alipotutoka mwaka jana, mimi napika vya mtu mmoja.

"Bibi," akasema, "nataka kuacha kazi. Wanakufa, Bibi. Unafanya kila kitu na bado wanakufa. Naomba Mungu mpaka maneno yananiishia."

Nikaanza kumwambia avumilie, na kwamba baada ya dhiki faraja. Akaniangalia kwa macho yale ya babu yake, akaniuliza, "Wewe mbona umeacha kuimba? Ulikuwa kwaya ya akina mama maisha yako yote. Tangu tumzike Babu, kanisani unafungua kitabu cha nyimbo lakini mdomo hufungui."

Niliinuka nikaongeza kuni motoni, na moto wenyewe haukuhitaji kuni. Kwa hiyo Neema, jibu lako ndilo hili. Na ninyi wengine mnaoanza kazi, uuguzi, ualimu, kilimo, chochote mlichokishika, someni pia, maana sura kama ile ya Neema naziona nyingi siku hizi.

Aliyenifundisha habari ya mikono kwapani alikuwa Sista Elifrida, muuguzi aliyenitangulia katika chumba kile. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuitia mbuzi walio ng'ambo ya bonde, lakini akiingia chumba cha njiti sauti hiyo aliiacha mlangoni pamoja na viatu. Kila asubuhi alipita kitanda kwa kitanda akiwaamkia watoto, "Onga maundo, mgeni." Aliwaita wageni wale ambao hawajapewa jina, na wengi walikuwa hawajapewa, kwa sababu wazazi waliogopa. Nilipomuuliza kwa nini anasalimia watu wasiomsikia, alinijibu, "Wewe ukifika kwa watu wasikuamkie, utakaa?"

Alinifundisha kugusa unyayo kwanza, halafu tumbo. Tumbo likiwa na joto na unyayo wa baridi, ujue mtoto ameanza kupoa, usingoje mpaka tumbo nalo liseme. Alinifundisha kunywesha maziwa ya mama kwa kikombe kidogo, tone kwa tone, bila papara. Na alinifundisha kwamba njiti husahau kupumua. Ndiyo, husahau. Analala vizuri, kisha kifua kinatulia na midomo inaanza kubadilika rangi. Hapo unamsugua mgongo taratibu, au unamkuna unyayo, naye anakumbuka. "Humgombezi," Sista Elifrida alisema. "Hana kosa. Unamkumbusha tu."

Msidhani nilikuwa mwanafunzi hodari. Wiki zangu za mwanzo nilimfunga mtoto mmoja mablanketi mengi hivi kwamba daktari alipokuja aliyafungua moja moja, akafika katikati akaniuliza, "Sista Loyce, una hakika humu ndani kuna mtu?" Na mimi ndiye niliyefunga madirisha yote siku ya baridi kali, jiko la mkaa likiwa chumbani, nikijisifu kwamba leo wageni wataona joto. Mkaa ukatupiga vichwa, sisi na akina mama, mpaka Sista Elifrida alipokuja kuyafungua yote kwa kishindo. Ndiyo maana kazi hii hufundishwa na mtu aliyekutangulia, si na vitabu peke yake. Kitabu hakifungui dirisha.

Zamani tulitegemea jiko hilo na chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kanga. Kisha tukaletewa mashine ya joto, sanduku la kioo lenye taa zake, tukaipokea kwa maombi na picha. Ilifanya kazi nzuri umeme ulipokuwapo. Ulipokatika ilikuwa kabati. Baadaye ndipo tukafundishwa kumweka mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, afungwe hapo kwa kanga akae mchana na usiku. Wakaiita kangaruu. Akina bibi waliosindikiza wakwe zao walitaka kujua kangaruu ni nani, na tulipowaeleza kwamba ni mnyama wa mbali mwenye mfuko tumboni walichukia. Mmoja akauliza kama sisi Wasambaa tumekosa kabisa mtu wa kufanana naye mpaka tutafutiwe mnyama. Lakini walipoona watoto wanashika uzito, walianza kuwafunga wenyewe, tena kwa ustadi kutuzidi sisi.

Basi ikaja masika moja ninayoikumbuka kuliko zote. Mvua ilishusha udongo barabarani, nguzo za umeme zikaanguka, na akina mama wakawa wanatufikia wakiwa wamechelewa sana. Watoto walikufa. Sitawahesabu hapa. Nitamtaja mmoja tu, mvulana wa mama mmoja wa kule Mponde, aliyekuwa na tabia ya kukishika kidole changu asikiachie, hata nimcheleweshe mwenzake. Tulikuwa tumeshaanza kumzungumzia kwenda nyumbani. Asubuhi moja nilifika nikakuta kitanda chake kimetandikwa shuka safi.

Nilikwenda chumba cha kufulia nikakaa juu ya furushi la mashuka, nikamwambia Mungu kwamba mimi basi. Sikumkana. Nilimwambia tu kwamba sina tena la kumwomba, na kwamba nitakwenda Soni kuuza karoti na dada yangu. Karoti haishiki mtu kidole. Ikinyauka unampa sungura, maisha yanaendelea.

Sista Elifrida alinikuta pale. Nikamwambia habari za Soni, nikajiandaa kwa mahubiri. Badala yake alitoka, akarudi na chai ya maziwa na kiazi kitamu cha kuchemsha, akaniwekea mapajani. "Kunywa," akasema. "Kisha lala juu ya hayo mashuka. Mimi nipo." Nikala, nikalala kama mtu aliyepigwa rungu. Nilipoamka alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anakunja nepi.

"Unamkumbuka yule nabii aliyekimbilia jangwani akaomba kufa?" aliniuliza. "Malaika hakumletea mahubiri. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale. Akamrudia tena na mkate. Habari za safari zilikuja baadaye."

"Na safari yangu ya Soni tutaizungumza lini?"

"Wewe umekula mara moja tu," akasema. "Kesho nitakuletea tena."

Ni katika siku hizo hizo, mimi nikiwa bado nalishwa viazi, walipomleta Yunesi. Aliletwa kwa machela na majirani zake, kwa sababu gari lisingepita. Alikuwa amejifungua nyumbani, miezi bado. Mume wake, Mgosi Zakayo, kama tunavyowaita wanaume wa heshima huku kwetu, mkulima wa kabichi mrefu mwenye mabuti ya mpira na koti la mvua, alitembea pembeni ya machela mkono mmoja ukiwa ndani ya koti. Tulipomfungua koti tukakuta humo mtoto wa kike, amefungwa kwenye sweta ya baba yake. Alikuwa mdogo hata nikaogopa kumtazama vizuri.

Yunesi alilala akageukia ukutani. Watoto wake wa kabla ya huyu, wote walizaliwa mapema hivi hivi, na wote aliwazika. Nilimwendea na mtoto, nikamwambia ajiweke tayari nimfungie kifuani, maana umeme haupo na mashine haina kazi. Hakugeuka.

"Wageni wangu hawakai, Sista," alisema kuelekea ukuta. "Usinizoeshe."

Wanangu, nilitakiwa kumpa neno la tumaini. Sikuwa nalo. Alisema kwa sauti kile nilichokuwa nakisema mimi moyoni tangu mvulana wa Mponde. Maziwa alikubali kukamua, lakini alikamua kama mtu anayekamua mbuzi wa jirani, akanipa kikombe bila kuangalia upande alipo mtoto. Nilimwelewa mno, na kumwelewa kule hakukumsaidia mtoto. Unyayo wake ulikuwa umeshaanza kupoa.

Nikatoka kibarazani kumwambia mumewe. Alikuwa amesimama kwenye manyunyu, kofia mkononi. Nilimweleza kwamba mtoto anahitaji ngozi ya mtu, kwamba mama yake hawezi kwa sasa, na asimlaumu. Akafikiri.

"Mimi sina maziwa, Sista," akasema. "Lakini kifua ninacho."

Siku hizi mnawaona kina baba wamebeba watoto kifuani mkaona kawaida. Wakati ule mwanamume kuingia chumba cha wazazi na kukaa humo lilikuwa jambo la kuchekesha, kama si la aibu. Sista Elifrida alizungumza na daktari, daktari akakubali, lakini ruhusa yenyewe ilikuwa ya akina mama waliolazwa, nao wakatazamana. Aliyeamua alikuwa Mwanaidi, mama wa Kiislamu kutoka upande wa Mlalo, aliyekuwa na mapacha wawili kifuani na alama ya kuchoka usoni. "Aingie," akasema. "Mwana si wa mmoja. Ila akae kona ile, uso dirishani, nasi tufunge kanga hapa katikati." Basi tukafunga kanga. Mgosi Zakayo akakaa kwenye kiti, uso dirishani, na nyuma ya kanga mkewe amelala, uso ukutani.

Mtoto alihitaji kofia, kwa kuwa joto la njiti hupotelea kichwani, na kofia zetu zilikuwa kwenye maji. Sisi tulizishona kwa soksi. Kusikia hivyo tu, mgosi akainama akavua buti, akanipa soksi yake. Harufu yake ilifika kabla yake. Nikamwambia, "Mgosi, hii kwanza ikaoge." Chumba kizima kikacheka, nami nikajikuta nacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Tuliifua, tukaikausha jikoni, tukaikata, tukaifunga uzi juu. Ikamfunika mtoto mpaka kwenye nyusi. Baba yake alimaliza masika yale ana soksi moja ndani ya mabuti.

Mgosi Zakayo alikuwa mpiga besi katika tarumbeta za usharika wao. Mnawajua wapiga besi. Lile dude kubwa linalomzunguka mtu kama chatu, ndilo lake. Tangu ujana wake alipiga sauti hiyo tu, na nyimbo zote za kanisa alizijua kwa besi. Sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo wenyewe, hakuwahi kuishika. Kwa hiyo alipotaka kumbembeleza mwanawe alimbembeleza kwa alichokuwa nacho. Pom. Pom. Pom, pom, pom. Kimya. Pom. Alianza asubuhi akaendelea mchana, chini kabisa, hata ukiweka mkono kwenye kiti ulihisi kinatetemeka.

Mwanaidi alivumilia, kisha akauliza kutoka ng'ambo ya kanga, "Mgosi, samahani. Huo ni wimbo gani usio na maneno?"

"Maneno wanayo sauti ya kwanza, dada," alimjibu. "Sisi wa besi tunawashikilia tu wasianguke."

Sisemi kwamba besi ni dawa ya njiti. Ninasema nilichokiona. Mtoto alitulia kifuani pale, na alisahau kupumua mara chache kuliko wenzake. Mimi nilikuwa nimeshamwambia dada yangu nitashuka Soni wiki ile. Lakini kila nilipotaka kwenda kuaga, nilifikiri, mgosi huyu atamnyweshaje mtoto peke yake? Nikasogeza siku mbele. Nilifika asubuhi, nikaweka mikono kwapani, nikapita kuwaamkia wageni kama Sista Elifrida, na sala ya asubuhi niliisema kwa sababu zamu ilikuwa yangu. Moyoni kulikuwa kukavu. Midomo tu ndiyo iliyokuwa kazini. Nilijiona mnafiki, nikamwambia Sista Elifrida hivyo.

"Yule pale naye mnafiki?" akaninong'oneza, akimwonyesha Zakayo kwa kidevu. "Unafikiri wimbo anausikia? Anapiga sehemu yake, basi."

Kisha ikafika siku mbaya. Mtoto aliamka amekataa maziwa. Unyayo baridi, na tumbo nalo. Akasahau kupumua, nikamsugua mgongo, akakumbuka. Akasahau tena. Daktari alikuja akafanya alichoweza, akasema tumwache pale pale kifuani, hakuna mahali pengine penye joto zaidi. Nikapiga magoti kando ya kiti, kidole changu kwenye mgongo wa mtoto, na nilimwogopa mtoto yule, wanangu. Niliogopa asije akanishika kidole.

Mgosi Zakayo aliendelea na besi yake. Machozi yalimtiririka yakaingia kwenye ndevu, wala hakuyafuta, mikono yote miwili ilikuwa imemzingira mwanawe. Sauti ikaanza kutetemeka, ikakatika, ikarudi, ikakatika. Mwisho haikurudi. 

Ndipo upande wa ukutani mtu akaanza kuimba.

Ilikuwa sauti nyembamba, iliyokauka kwa kutotumika. Ilikuwa sauti ya kwanza. Ule wimbo tuliokuwa tunausikia siku zote kwa chini tu, sasa tukausikia wenyewe, na maneno yake, kwamba Bwana hatuachi bondeni. Akina mama walioujua wakashika midomo. Yunesi hakugeuka. Aliuimbia ukuta ubeti mzima. Mgosi Zakayo akavuta pumzi, akaiokota besi pale alipoiangusha, wakaenda pamoja, yeye chini mkewe juu, na kanga katikati.

Ubeti ulipokwisha nikasikia kitanda kinalia. Yunesi amekaa, anafungua vifungo vya gauni lake.

"Sista," akasema, "nipe mwanangu."

Nilimpeleka. Sijui nilivyotembea. Mtoto hakupona siku ile; watoto hawaponi kwa wimbo mmoja. Alisahau kupumua tena jioni, na kesho yake, na mama yake akajifunza kumkumbusha bila kuniita. Zikapita wiki za wasiwasi. Lakini alikaa. Kitovu kilipoanguka, Yunesi alimpa jina Mkunde, ambalo kwa Kisambaa ni apendwaye. Siku wanaondoka Mwanaidi alimfunga Mkunde kanga mpya akasema huyo sasa ni mwenyeji, mgeni ni baba yake mwenye soksi moja.

Sista Elifrida akanijia na kiazi chake. "Haya," akasema, "tuzungumze safari. Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Basi kuna mmoja kitanda cha mlangoni, miguu yake ya baridi."

Nikaweka mikono kwapani, nikaenda. Soni nilikwenda nilipokuwa likizo, nikanunua karoti kama watu wengine.

Neema, usije ukadhani baada ya hapo hawakufa tena. Walikufa. Wengine niliwapenda kama yule wa Mponde, na kwa nini Mkunde akakaa na yule akaondoka, mpaka leo sijui, na anayekuambia anajua mkimbie. Nilichokipata ni kidogo kuliko maelezo, lakini nimekitumia miaka mingi bila kuisha. Kuna siku imani yako ina wimbo mzima, na siku hizo imba, usione haya. Kuna siku wimbo wenyewe huusikii, umebaki na sehemu yako tu, kuamka, kuosha mikono, kumwamkia mgeni, kusema Baba Yetu kwa midomo mikavu. Usiiite hiyo unafiki. Ni besi. Piga hiyo hiyo. Mungu anazisikia sauti zote pamoja, anajua wimbo unaendaje hata pale wewe unaposikia pom, pom. Na usiamue jambo kubwa ukiwa na njaa. Hilo nalo ni la kiroho, kamuulizeni yule nabii.

Niliyajua hayo yote, mjukuu wangu, siku ile uliyonikuta jikoni, na bado mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Kujua ni kitu kimoja. Babu yako alikuwa anaimba sauti ya tenori pembeni yangu miaka yote ya ndoa yetu, na nilipofungua kinywa kanisani bila yeye, ilitoka sauti ya mtu aliye peke yake nyumbani. Nikaona heri ninyamaze.

Sasa nikusimulie habari za Pasaka, maana wewe ulikuwa zamu.

Tulikwenda makaburini alfajiri kama ada yetu, tarumbeta mbele, mishumaa mikononi, umande mpaka magotini. Unalijua eneo lenyewe, pale mteremkoni chini ya mikaratusi. Babu yako amelala safu ya juu, na safu mbili chini yake yuko Mgosi Zakayo, aliyetutangulia zamani kidogo. Mchungaji akaita, Kristo amefufuka. Watu wakaitika, kweli amefufuka. Niliitika nao, na ninaliamini neno hilo, nimeliamini nikiwa nimeshika watoto wasiopumua. Lakini tarumbeta zilipoanza wimbo, nikasimama tu mbele ya kaburi la babu yako, nikitazama msalaba na tarehe zake, wenzangu wakiimba.

Mtu akaja akasimama karibu nami. Alikuwa Yunesi, amezeeka sasa, fimbo mkononi. Mkunde alikuwa nyuma yake, mtu mzima mwenye mabega mapana ya baba yake, na mtoto wake mgongoni.

"Sista, huimbi?" Yunesi akaniuliza.

"Siwezi, Yunesi. Nimejaribu."

Hakuniambia nivumilie. Hakuniambia babu yako yuko mahali pema, ingawa yuko. Alimpa Mkunde fimbo. Akaingiza mkono wake kwapani, ndani ya sweta, akausubirisha hapo, wimbo ukiendelea. Kisha akautoa, ukiwa na joto, akaushika mkono wangu.

Halafu akaanza. Mwanamke, bibi kizee, sauti imepasuka, chini kabisa kadiri alivyoweza kushuka. Pom. Pom. Pom, pom, pom. Watu wa mbele waligeuka. Mchungaji naye akageuka. Hakujali hata kidogo.

"Wewe pumzika, Sista," aliniambia kati ya pumzi na pumzi. "Besi ninayo mimi."

Nikapumzika ubeti wote wa kwanza. Wa pili, niliingia.